Siku Tatu Majini

Bei ya unga ndiyo taarifa ya habari ya Bel-Air. Zambia ikizuia mahindi yake yasivuke Kasumbalesa, watu wa mtaa huu wa komuni ya Kampemba, mjini Lubumbashi, hawangoji redio. Wanaliona jambo lenyewe kwenye kopo la kupimia sokoni. Unga wa muhogo huingia sufuriani polepole, kwanza wa kujazia tu, baadaye nusu kwa nusu. Bukari, ndiyo ugali wa huku, huiva, hutengwa pamoja na sombe ya majani ya muhogo na vipande vya nyama, na watu hula bila wasiwasi. Wapo wanaosema kwamba ya mchanganyiko ndiyo tamu zaidi.

Hawajakosea. Muhogo ulioandaliwa inavyopasa ni chakula salama, na mamilioni ya Wakongo wamekulia humo. Ila upande wa pili wa nchi, huko Kwango mpakani na Angola, unga huo huo umewalaza watu wakiwa wazima na kuwaamsha wakiwa na miguu iliyokakamaa, magoti yanagusana, visigino havitaki kushuka chini. Hakuna homa kubwa, hakuna ajali, hakuna jeraha. Na miguu hiyo hairudi tena kuwa kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na ni miongoni mwa magonjwa machache ambayo Kongo iliyafahamisha kwa matabibu wa dunia. Kuuelewa kunataka mambo mawili ambayo kwa kawaida hayasimuliwi pamoja: jinsi mwili unavyofunga nyuzi zake za misuli na za neva, na jinsi watu walivyolazimika kupunguza siku za kuloweka muhogo.

Tuanze na nyama iliyo mezani. Ikiwa imechemshwa mpaka ikalainika, ukiivuta haikatiki ovyo. Inachanika kwa urefu, uzi baada ya uzi. Kila kiuzi unachokiona kwa macho ni fungu zima, na ndani yake zimelala nyuzi nyingi zilizo nyembamba kuliko unywele. Kila uzi kati ya hizo ni seli moja iliyorefuka, pengine ikafikia sentimita kadhaa. Uzi umevikwa utando wake mwembamba sana. Fungu la nyuzi limevikwa utando wa pili ulio mzito kidogo, na mafungu yote kwa pamoja yamefunikwa na utando wa tatu, ile ngozi nyeupe ngumu ambayo mpishi mwangalifu huikwangua kwa kisu kabla ya kukata nyama. Mwishoni mwa msuli tando hizo tatu huungana na kuwa kano, na kano hushika mfupa. Kwa hiyo nguvu ya maelfu ya nyuzi, kila moja ikivuta kidogo, hukusanywa na mifuko yake na kufikishwa mahali pamoja.

Neva imefungwa kwa utaratibu huo huo: utando wa kila uzi, utando wa fungu, utando wa nje. Neva kubwa inayotoka kiunoni na kushuka nyuma ya paja ina unene wa kidole, na ukiikata kwa kuikingama unaona vidoadoa vya duara vimepangana. Kila doa ni fungu, na ndani ya fungu zimo nyuzi kwa mamia au maelfu. Tofauti iko katika kazi. Nyuzi za fungu la msuli zote huvuta kuelekea upande mmoja. Nyuzi za neva kila moja ina ujumbe wake na mahali pake pa kuupeleka. Zimelala ubavu kwa ubavu bila kuchanganya maneno. Moja inakwenda kwenye kidole gumba cha mguu, jirani yake inarudi kutoka kwenye ngozi ya unyayo na habari ya mwiba.

Kwa muda mrefu haya hayakujulikana. Galeni, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alimkata nguruwe neva ndogo za kooni mbele ya watazamaji huko Roma, na nguruwe aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza huku bado anajipigapiga. Ilikuwa hoja nzito: amri ya mwili hutoka kichwani na kupita kwenye neva. Lakini Galeni aliamini kwamba neva ni mirija, na kwamba ndani yake unapita upepo wa uhai. Ibn Sina alilipokea fundisho hilo na kulipanga vizuri katika kitabu chake Qanun, na kwa karne nyingi matabibu kutoka Bukhara hadi Paris walilisoma kwake.

Waliokuja kuligusa fundisho hilo kwa kisu, baadhi yao walitoka nchi ambayo baadaye ingeitawala Kongo. Andreas Vesalius alizaliwa Brussels mwaka 1514. Mwaka 1543, akiwa bado hajatimiza miaka 30, alichapisha Basel kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili wa binadamu, ambamo kitabu cha pili ni cha misuli na cha nne ni cha neva. Picha zake za watu waliochunwa ngozi, wamesimama mashambani kana kwamba wanapunga upepo, zinatisha hadi leo. Utando baada ya utando umefunuliwa, msuli baada ya msuli unaning'inia. Miaka ipatayo 120 baadaye Mdenmaki Niels Stensen akaonyesha kwamba nyama ya msuli si kitu cha kujaza nafasi: ni nyuzi zilizofungwa mafungu, na nyuzi hizo ndizo zinazovuta. Kisha karne ya 19, Mjerumani Theodor Schwann, aliyeeleza seli zinazozizungushia nyuzi za neva ganda lao la mafuta, alihamia Ubelgiji mwaka 1839, akafundisha Louvain, na kutoka 1848 akakaa Liège mpaka alipostaafu.

Liège inahusikaje na Lubumbashi? Inahusika sana. Mwaka 1956 Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kilifungua milango Élisabethville, jina la mji huu wakati huo, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Liège kikaunda taasisi yake ya utafiti wa Afrika ya Kati, FULREAC, na Katanga, mkoa wa mji huu, ikawa uwanja wake. Rekta wa Liège aliyeisukuma kazi hiyo, Marcel Dubuisson, hakuwa mwanasheria wala mtaalamu wa madini. Alikuwa mtafiti wa misuli. Kitabu chake juu ya msuli unavyojikaza kilitoka mwaka 1954, na naona hapo bahati haikumpendelea, kwa sababu mwaka huo huo, katika toleo moja la jarida la Nature, timu mbili zilitangaza jambo lililobadili somo lote. Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili (Huxley hao wawili hawakuwa ndugu) walionyesha kwamba ndani ya kila uzi wa msuli zimo nyuzi ndogo zaidi za aina mbili, nene na nyembamba, na msuli ukijikaza hakuna uzi mdogo unaofupika: nyembamba zinateleza katikati ya nene. Mafungu ndani ya mafungu, mpaka darubini ya kawaida inaposhindwa.

Élisabethville ilikuwa na hesabu zake za nyuzi za msuli, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, ilihitaji mikono ya kuchimba shaba mahali penye watu wachache. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910 na kuleta mahindi. Wafanyakazi waliandikishwa kutoka mbali, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, baadaye Ruanda-Urundi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ikabadili sera, ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini. Dakta Léopold Mottoulle, tabibu aliyegeuka kuwa msimamizi wa nguvukazi, ndiye aliyeipigania sera hiyo. Posho ya chakula ilipimwa kama mafuta ya mashine: unga wa mahindi, karanga, nyama au samaki, chumvi. Haukuwa ukarimu. Mfanyakazi dhaifu alikuwa hasara vitabuni. Lakini unga wa mahindi una faida moja ambayo wahasibu hao hawakuifikiria: hauhitaji kulowekwa siku tatu mtoni kabla ya kuliwa. Mji huu ulizoea bukari ya mahindi kwa sababu ya reli na posho, na kwa sababu hiyo hiyo miguu ya watu wake ilikingwa na jambo lililokuwa likitokea Kwango bila habari zake kufika huku.

Habari hizo ziliwafikia wasomaji wa Ulaya mwaka 1938. Giovanni Trolli, daktari Mwitaliano aliyeongoza FOREAMI, mfuko wa tiba uliopewa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa miguu uliozuka kwa makundi vijijini Kwango. Wanakijiji walikuwa wameshaupa jina, naye akalishika: konzo. Alichokiona ni hiki. Ugonjwa unaanza ghafla, kwa saa chache au siku chache. Unawashika zaidi watoto na kina mama walio katika umri wa kuzaa. Miguu yote miwili inakakamaa kwa usawa. Baada ya hapo hauendelei kuwa mbaya, wala haupungui kiasi cha kupona. Mwingine anatembea kwa kuyumba, mwingine anahitaji fimbo moja, mwingine mbili, mwingine anabaki kutambaa.

Jambo la kushangaza ni kile ambacho hakikuharibika. Misuli ya mgonjwa wa konzo ipo na ni mizima. Hisia za ngozi zipo: anahisi baridi, anahisi mwiba. Mkojo haumponyoki. Ni kama mtu alipita mwilini na kisu cha hesabu, akakata kitu kimoja na kuacha vyote vilivyopakana nacho.

Kitu hicho ni fungu la nyuzi, na hapa inabidi tulisogelee. Amri ya kunyanyua mguu huanzia juu kabisa ya ubongo, karibu na utosi. Kutoka huko nyuzi zinashuka na kukusanyika shingoni pa ubongo zikiwa mafungu mawili, kila moja lina nyuzi zinazokaribia milioni. Hapo tisa kati ya kila kumi huvuka upande wa pili, na ndiyo maana ubongo wa kushoto hutawala mguu wa kulia. Kisha zinashuka ndani ya uti wa mgongo, na zile za miguu ndizo zenye safari ndefu kuliko zote, mpaka usawa wa kiuno. Huko zinakabidhi amri kwa seli nyingine, na seli hizo za pili ndizo zinazotoa nyuzi za neva ya mguu ambayo tumekwishaiona, nene kama kidole. Uzi mmoja wa neva ukifika kwenye msuli hugawanyika na kushika nyuzi kadhaa za msuli. Kwenye misuli inayogeuza jicho ni chache, kwa sababu jicho linataka usahihi. Kwenye shavu la mguu uzi mmoja unaweza kuamuru zaidi ya elfu.

Wakazi wa mji wa shaba wangetegemea kusikia kwamba neva ni kebo, waya ndani ya ganda, na vitabu vingi vya shule husema hivyo. Mfano huo unasaidia nusu ya njia. Shaba ikishawekwa haili chochote. Umeme unapita, waya umetulia. Uzi wa neva unafanya kazi kila sehemu ya urefu wake: ganda la Schwann, na ganda la aina hiyo lililomo ndani ya uti, limekatika mahali kwa mahali, na kwenye kila pengo ujumbe huwashwa upya kwa nguvu ya seli yenyewe. Uzi wa karibu nusu mita unalishwa na seli moja isiyoonekana kwa macho. Unahitaji nishati usiku na mchana. Chochote kinachozuia seli kutumia oksijeni kitaugusa, na sianidi, sumu inayotoka katika muhogo usioandaliwa inavyopasa, ndiyo kazi yake hiyo.

Nyuzi za juu zikifa, za chini zikabaki, mguu haulegei. Unakaza. Watu wetu wanaujua vizuri mguu wa polio, ule mwembamba, mlegevu, unaoning'inia. Polio huua seli za pili, zile za chini, na msuli usioamriwa na mtu hunyauka. Konzo ni kinyume. Msuli bado una bwana wake wa karibu, ila yule wa mbali, aliyekuwa akiamuru na pia akituliza, hayupo. Daktari akiligonga goti kwa nyundo yake ndogo ya mpira, mguu unaruka kupita kiasi. Akikwaruza unyayo, kidole gumba huinuka badala ya kuinama, ishara ambayo Joseph Babinski aliieleza Paris mwaka 1896. Vipimo hivyo viwili havihitaji umeme. Kwa vipimo hivyo wauguzi wa vijijini wametambua konzo kwa uhakika kuliko mashine nyingi.

Baada ya Trolli yalikuja makala machache, kisha ukimya mrefu. Ugonjwa ulirudi kwenye midomo ya watu kutoka upande mwingine wa bara. Mwaka 1981 mkoa wa Nampula, Msumbiji, ulikuwa umebanwa na ukame. Hans Rosling, daktari kijana kutoka Uswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, aliitwa wilaya ya Memba kuona wagonjwa wa miguu. Polio? Haikufanana. Alihofia hata silaha ya sumu, kwani nchi ilikuwa na vita. Katika kumbukumbu zake amesimulia mwenyewe kwamba viongozi walimwuliza kama barabara ifungwe kwa askari, naye akakubali. Siku ya soko kina mama walikuta basi halipiti. Wakapanda mashua za wavuvi na watoto wao, na mashua zikazama. Hakuna maambukizi yaliyokuwa yakizuiwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye unga. Wagonjwa 1,102 waliandikishwa Nampula, ambako wenyeji waliuita mantakassa, na pamoja na Julie Cliff na wenzake wa Wizara ya Afya ya Msumbiji, Rosling akafikia mihogo michungu iliyoliwa kabla haijatolewa sumu.

Muhogo ulifika Kongo kutoka Brazil kwa meli za Wareno katika karne ya 16. Mbegu chungu hupendwa kwa sababu nguruwe mwitu, nyani na wezi huziogopa, na ukame hauziui. Ukame tena huzizidishia sumu. Ndani ya kila seli ya muhogo kuna linamarini, kitu kinachobeba sianidi, na pembeni yake, imetengwa, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Mradi vimetengana, hakuna kitu. Ukiloweka muhogo siku tatu, ukalainika na kuchacha, kuta zinabomoka, vitu hivyo vinakutana, sianidi inatoka na kwenda na maji au na hewa. Unaanika, unatwanga, unakula. Siku ya kwanza pekee haitoshi. Kiasi kinachobaki mwili unaweza kukimudu, kwa kukifunga kwa salfa inayotokana na protini: samaki, nyama, mayai, maharage. Nyumba yenye dagaa mezani ina kinga kuliko nyumba yenye bukari tupu.

Kwa hiyo konzo haimshiki kila anayekula muhogo. Inamshika anayekula muhogo mchungu, uliolowekwa haraka, bila kitoweo, wiki baada ya wiki. Masharti hayo hukutana wapi? Tarime, mkoani Mara, Tanzania, yalikutana mwaka 1985: ukame, na wagonjwa 39. William Howlett, Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Mtanzania Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Rosling waliwachunguza, na makala yao ya mwaka 1990 ndiyo iliyowafanya madaktari wa neva waichukue konzo kuwa ugonjwa kamili wenye sura yake. Kusini, Masasi, mwaka 1988 njaa iliwafanya watu waache kungoja makopa yakauke juani. Wakatwanga na kuanika kwa zamu ndani ya siku moja, njia waliyoiita chinyanya, na watu wakalewa sumu.

Bandundu, mkoa wa zamani wa Kongo uliojumuisha Kwango, hapakuwa na ukame. Palikuwa na barabara. Lami kutoka Kinshasa ilifungua soko la mji wenye njaa ya muhogo, na malori yakawa yanangoja. Kina mama ambao zamani waliloweka siku tatu wakaanza kuloweka siku moja, kwa sababu mnunuzi ni wa leo. Walijua wanachokifanya, walichagua kati ya sumu wasiyoiona na chumvi, sabuni na karo wanazoziona. Thorkild Tylleskär, aliyefuatilia jambo hilo pamoja na Mkongo Jean-Pierre Banea na wenzao, aliandika katika The Lancet mwaka 1992 kwamba siku zilizopotea mtoni ndizo zilizotofautisha vijiji vyenye konzo na visivyo nayo. Huwa nafikiria Katanga nikisoma makala hayo. Huku reli ilileta mahindi, kule kwao barabara ikaondoa muhogo. Vyote viwili vilipangwa ofisini na watu ambao hawakuwahi kuinua mtungi.

Utafiti wenyewe nusura ukomeshwe. Mwaka 1989, katika kijiji cha Makanga, Rosling na wenzake walikuwa wamewasha jenereta na mashine ya kuzungusha damu kibandani. Wanaume wawili wakatokea na mapanga, kundi likawa nyuma yao, wakisema damu ya watu wao inataka kuuzwa. Rosling alijaribu kueleza, kelele zikazidi. Akajitokeza mama mmoja wa makamo, miguu mitupu, akasimama kati yao akiwapa wageni mgongo. Akawakumbusha surua ilivyokuwa ikiwazika watoto, na kwamba chanjo haikudondoka kutoka juu ya mti. Ilitafutwa na watu kwa kuuliza na kupima. Wajukuu wake wamepooza, akasema, na hawa wanataka kujua kwa nini. Kisha akageuka, akakunjua mkono wake ili watoe damu. Wengi wakapanga foleni nyuma yake. Rosling amekiri kwamba mama huyo alimwokoa maisha, na ninavyoona mimi, aliifahamu mantiki ya sayansi kuliko wengi tuliosoma.

Damu na mkojo vilionyesha sumu. Ilibaki kujua mahali penyewe palipoumia. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wawili waliochunguzwa kwa mashine kamili. Picha za ubongo na uti wa mgongo hazikuonyesha kitu. Lakini madaktari walipoiamsha sehemu ya ubongo inayoamuru misuli, kwa sumaku iliyowekwa juu ya kichwa, misuli haikujibu. Barua ilitumwa, haikupokewa. Neva za chini zilipopimwa zilikuwa nzima. Kisu cha hesabu kilikuwa kimepita kwenye fungu lile lile ambalo nyundo ya goti ilikuwa imeshalitaja. Kwa nini sianidi, inayozunguka mwilini mzima, ichague fungu hilo, bado wanasayansi wanabishana. Wengine wanaitazama thiosianati inayobaki baada ya mwili kujisafisha, wengine sianati, wengine upungufu wa salfa wenyewe. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likaweka vigezo: mwendo wa kukakamaa unaoonekana, ulioanza ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, usioendelea kuzidi, na magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi pande zote mbili.

Vita vikafanya kazi ya lori. Kivu ya Kusini haikuwa katika ramani ya konzo, mpaka madaktari wa huko walipowaeleza wagonjwa wa Burhinyi mwaka 2011. Watu waliokimbia mara kwa mara hawapandi maharage wala hawafugi. Wanachimba muhogo uliopo na kuula kabla mwenye bunduki hajafika. Kahemba nako, huko Kwango mpakani, shida haijakatika.

Dawa haipo. Fungu likifa halioti tena, kwa kuwa nyuzi za ndani ya uti wa mgongo, tofauti na za neva ya mkono au mguu, hazijui kurefuka upya. Mazoezi husaidia, upasuaji wa kano ya kisigino humsaidia mtoto mmoja mmoja kukanyaga chini. Kilichowezekana ni kuzuia. Howard Bradbury, mkemia wa chuo kikuu cha taifa huko Canberra, Australia, alieleza njia isiyohitaji kifaa: unga ulio tayari unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka au sinia, unaachwa saa 5 kivulini au saa 2 juani. Kimeng'enya kilichobaki humalizia kazi, sianidi inapaa, na jioni hiyo hiyo ugali unapikwa. Banea na wenzake waliwafundisha kina mama wa Kay Kalenge, kijiji cha Popokabaka kilichokuwa na wagonjwa 34. Wakati wa mpango huo hakutokea mgonjwa mpya. Kina mama waliridhika na sababu nyingine kabisa: ugali ulikuwa hauna uchungu.

Kisha mwaka 2013 watafiti Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao wakachapisha vipimo vya watoto wa Kahemba. Walitarajia watoto wenye konzo washindwe kazi za miguu, na walishindwa. Lakini hata mikono yao ilikuwa mizito katika kazi ndogondogo za vidole, na katika vipimo vya akili walikuwa nyuma. Wakawapima pia watoto wa jirani waliokula unga huo huo bila kuchechemea hata siku moja. Hao nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo, kwa vidole vyao na kwa majibu yao, ingawa nyundo ya goti isingewagundua.